Tumbaku ya kupashwa moto: moshi umepungua, moyo je?

Swali ninaloulizwa sana siku hizi, hasa na watu wanaoishi Dubai au Ulaya wakija nyumbani likizo, ni hili: dokta, sigara nimeacha, sasa natumia IQOS (kidude cha umeme kinachopasha tumbaku bila kuichoma), moyo si uko salama? Mimi ni daktari wa moyo na jibu langu ni kwamba kuna sumu umezipunguza kweli, lakini moyo wenyewe hujaupumzisha, na kama bado unachanganyia na sigara za kawaida basi hata hiyo nafuu ni ndogo mno.

Sigara ikivutwa ile ncha inafika zaidi ya nyuzi joto 800, tumbaku inaungua, unapata lami na kaboni monoksaidi. Hiki kidude kinapasha kijiti cha tumbaku mpaka kama nyuzi 350 hivi, hakiungui, kwa hiyo kaboni monoksaidi inashuka sana na kemikali kadhaa za kansa zinapungua pia. Hilo silipingi hata kidogo. Kaboni monoksaidi inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kwa mtu ambaye mishipa ya moyo imeshaanza kuziba hiyo ni hatari ya moja kwa moja.

Shida ni kwamba nikotini iko palepale, kiasi kinachokaribia sigara. Nikotini inaamsha adrenalini, mapigo yanaenda mbio, presha inapanda, mishipa inabana, na hayo hayahitaji moto wala moshi. Halafu ule mvuke una chembechembe ndogo sana na vitu kama akrolini vinavyokwaruza ukuta wa ndani wa mishipa. Watafiti wa San Francisco mwaka 2018 waliwavutisha panya mvuke wa IQOS, wakakuta uwezo wa mshipa kutanuka umeshuka karibu sawa na wale waliovutishwa moshi wa sigara. Italia nao wakapima wavutaji 20, kila mmoja akajaribu sigara, sigara ya umeme (ile ya kimiminika, haina jani la tumbaku) na hii ya kupashwa, na zote tatu zikaonyesha madhara kwenye presha na mishipa, ila sigara ndo ilikuwa mbaya zaidi.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Korea Kusini, ulitoka 2021, wanaume zaidi ya milioni 5. Waliotoka kwenye sigara wakahamia bidhaa hizi mpya (za kupashwa na za umeme wakiwekwa pamoja) hatari yao ya magonjwa ya moyo na mishipa ilikuwa chini kwa kama asilimia 19 ukilinganisha na walioendelea na sigara. Nzuri. Lakini kati ya watu ambao sigara wameiacha karibuni, wanaotumia bidhaa hizi walikuwa na hatari ya juu kwa kama asilimia 31 kuliko wale walioacha kila kitu. Na kwa anayechanganya na sigara sitarajii nafuu ya maana, kwa sababu tunajua mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo anayobeba mvutaji wa sigara 20. Ndo maana nasisitiza sana hapa, kwa sababu wengi ninaowaona wanavuta kidude ofisini na fegi jioni na wana amani kabisa.

Kwenye mapafu mambo bado hayajakaa vizuri. Takwimu za kampuni inayotengeneza IQOS zilipochambuliwa upya na watafiti wa nje, hapakuonekana nafuu ya wazi ya kupumua wala ya kuvimba kwa mapafu kwa wavutaji waliohama. Kansa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa vinachukua miongo kujitokeza, na kitu hiki kiliingia sokoni Nagoya, Japani, mwaka 2014 tu, kwa hiyo anayekuambia mapafu yako salama hana pa kuitoa hiyo ahadi. Hata FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2020 iliruhusu kampuni iseme kwamba kemikali zinapungua mwilini ukihama kabisa, kusema magonjwa yanapungua ikakataa.

Anayetaka kuacha ana njia zilizopimwa vizuri: plasta na bigijii za nikotini, vidonge vya vareniklini (vinapunguza hamu ya sigara), na mtu wa kuongea naye kila wiki. Mwaka mmoja bila sigara, ile hatari ya ziada ya moyo inashuka karibu nusu.

Na jamani, ukija kliniki ukaulizwa unavuta sigara, usijibu hapana ukaishia hapo. Sema natumia ya kupashwa, vijiti vingapi kwa siku, na sigara ya mwisho ulivuta lini, kwa sababu ukisema hapana mimi naandika si mvutaji na hesabu yote ya hatari yako, hadi uamuzi wa dawa, naifanya kwa mtu ambaye si wewe.