Amazonas na Amazonia siyo kitu kimoja jamani

Jana tena nimekutana na video, jamaa anasema "niko Amazonas, Brazil", nyuma yake bango limeandikwa Leticia. Leticia iko Colombia bwana! Hii mara ya ngapi sijui, ngoja tu niandike.

Kwa kifupi, Amazonia ni msitu wote na bonde la mto, nchi kibao zimegawana, Brazil ndo ina sehemu kubwa. Amazonas ni mto kwa Kihispania na Kireno, halafu ni jina la jimbo la Brazil (makao makuu yake Manaus), jimbo la Venezuela, mkoa wa Peru na mkoa wa Colombia. Basi.

Kinachonikera ni hiyo S ya mwisho, watu wanaiona kama madoido tu. Ni wingi! Amazona mmoja, amazonas wengi, wale wanawake wapiganaji wa hadithi za Wagiriki. Mwaka 1542 Mhispania Francisco de Orellana alishuka na huo mto, padri aliyekuwa naye, Gaspar de Carvajal, akaandika kwamba walipigana na wanawake wenye pinde, jina likaganda hapo. Na ile stori eti maana yake ni "bila titi", kwamba walikata moja ili wavute upinde vizuri, ni Wagiriki wenyewe walijitafutia maelezo, wataalamu wengi wa lugha hawaikubali. Kwa hiyo mto ukaitwa kwa hao wanawake, mikoa ikabeba jina la mto, ndo maana jina peke yake halikwambii uko wapi. Amazonas ya Peru, mto wenye jina hilo haupiti kabisa, na makao makuu yake Chachapoyas yako milimani, zaidi ya mita 2,000, beba sweta.

Ya Colombia ina kilomita za mraba kama 110,000 na watu hawafiki laki moja, yaani hata mtu mmoja kwa kilomita hajatimia, na wengi wao wako hapo Leticia. Barabara ya kwenda Colombia kwingine hakuna, ni ndege au boti. Mto wenyewe wanaugusa kwa kipande kidogo tu cha kusini, ambacho Peru ilikiachia kwa mkataba wa 1922, halafu 1932 wakaanza kukipigania tena.

Sasa kaka wa video sikulaumu sana, maana Leticia na Tabatinga ya Brazil zimeshikana, unavuka mtaa tu unasikia watu wanaongea Kireno. Kama ulikuwa umeshavuka, sawa, hapo ni Amazonas ya Brazil. Ila bango lako bado liko Colombia.