Kupima kemikali za chupa na galoni za maji

Kile kikalamu cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji) wanachotembea nacho wauza filta hapa Arusha hakiwezi kukuambia kama plastiki imeingia kwenye maji. Kinapima chumvi zilizoyeyuka tu. BPA, kemikali inayotengenezea plastiki ngumu, hakiioni kabisa. Na floridi inayotutia madoa kwenye meno inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, chupa haihusiki.

Anza na namba iliyo chini ya chombo. Namba 1 ni PET, chupa za kawaida za maji: hapo natafuta antimoni, mabaki ya kichocheo cha kiwandani. Galoni ngumu angavu za lita 20 zenye namba 7 mara nyingi ni polikaboneti: hapo natafuta BPA.

Suuza chombo mara tatu, jaza maji safi ya maabara hadi shingoni, funga, weka kwenye inkubeta (kabati linalotunza joto) ya nyuzi 40 kwa siku 10. Seti nyingine iweke nyuzi 60, maana katoni zinazoanikwa juani stendi hupata joto kali. Vyombo vitatu kwa kila joto. Usivikate vipande, kingo mbichi hutoa kemikali zaidi. Wala usichukue jibu la galoni ukaipa chupa ya nusu lita: kwa kila lita ya maji, chupa hiyo ina eneo la plastiki kubwa mara tatu hadi nne hivi.

Kazi nyingi huharibikia kwenye sampuli tupu, yaani maji yale yale, siku zile zile, ndani ya chombo kisichotoa unachokitafuta. Kwa BPA na thaleti (kemikali za kulainisha plastiki) tumia glasi iliyochomwa nyuzi 400 kwa saa 4 (chupa za kupimia ujazo usizichome, zitapoteza kipimo). Glavu ya vinili ikigusa mdomo wa chupa mara moja tu, thaleti yake inasimama kwenye grafu ya mashine ya kupimia kama mlingoti, nawe utailaumu galoni isiyo na kosa. Kwa antimoni mambo yanageuka: glasi nyingine zina antimoni ndani yake, hivyo tumia chupa ya plastiki ya polipropilini iliyolowekwa kwenye asidi ya nitriki, na sampuli itie asidi hiyo hadi pH ishuke chini ya 2.

Mwongozo wa WHO ni mikrogramu 20 za antimoni kwa lita, na 8 za DEHP, thaleti inayojulikana zaidi. Sampuli tupu ikisoma karibu sawa na sampuli yenyewe, usitoe moja kwenye nyingine ukaandika kilichobaki. Mwaga zote, osha upya, anza tena siku 10.