Je, wajua kwa nini Galilaya ni "bahari" kwa Marko, lakini ni "ziwa" kwa Luka?

Mtu wa Mwanza akipanda meli kwenda Bukoba hulala njiani usiku kucha, na akifika hasemi amevuka bahari. Amevuka ziwa.

Sasa fungua Marko 1:16: Yesu anapita kando ya "bahari ya Galilaya". Maji yake hayana chumvi, na eneo lake ni kilomita za mraba 166 hivi. Kisiwa cha Ukerewe peke yake kingeimeza mara tatu. Kwenye jumuiya yetu Kirumba, mzee mmoja aliyevua sangara miaka mingi aliifunga Biblia akauliza, "Mwalimu, hii ni bahari au bwawa?" Watu wakacheka. Mimi niliona ndilo swali bora la jioni ile.

Wapo wanaodhani kuuliza hivyo ni kukosa imani. Hapana, ni kusoma kwa akili tuliyopewa. Kabla ya kusema mwandishi kakosea, uliza kwanza: kwa lugha yake, alikuwa na neno gani?

Kiebrania kina neno "yam", linalobeba bahari na ziwa kwa pamoja. Ndiyo maana Hesabu 34:11 inaliita ziwa hilihili bahari ya Kinerethi. Marko, Mathayo na Yohana waliandika Kigiriki kwa masikio ya nyumbani, wakaweka "thalassa", bahari. Luka, ambaye Kigiriki chake ni cha msomi, akachagua "limne", ziwa. Nasi katika Biblia ya mwaka 1952 tunasoma "ziwa la Genesareti" (Luka 5:1), jina jingine la Galilaya hiyohiyo. Msukuma hapaswi kushangaa: "nyanza" yake ni maji makubwa, basi, na humo ndimo jina Mwanza linakosemekana kutoka.

Neno moja likikaguliwa hivi, mengine nayo huanza kusema. Luka 8:23 inasema tufani "ikashuka" juu ya ziwa. Kwa nini ishuke? Galilaya iko mita 210 hivi chini ya usawa wa bahari, imezungukwa na vilima, na upepo wa baridi wa huko juu huporomoka ghafla hadi majini. Muujiza haupungui hapo. Mashua tu ndiyo unaiona vizuri zaidi.

Mzee akaifungua tena Biblia yake, akaanza kutafuta upepo ule ulitokea upande gani.