Udhihirishaji wa jeni na kazi ya RNA

Seli ya ngozi na seli changa ya damu iliyo kwenye uboho zina jeni ileile ya beta-globini (sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu), katika kromosomu ya 11. Ya ngozi imeizima. Ya uboho huitumia kutengeneza himoglobini kwa wingi. Mchakato wote wa kuitumia jeni, tangu DNA inaposomwa hadi protini inapopatikana, ndio udhihirishaji wa jeni.

Kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi hunakili jeni hiyo, yenye herufi (viungo vya kemikali vya DNA) kama 1,600, ikawa RNA ghafi, yaani nakala ya jeni ambayo bado haijatayarishwa. Humo kwenye kiini cha seli, nakala huvishwa kofia (kipande cha kemikali cha kuilinda) mwanzoni, introni zake mbili (vipande visivyo na maelekezo ya protini) hukatwa na kutupwa, eksoni tatu (vipande vinavyobaki) huungwa pamoja, kisha mkia wa herufi A zipatazo 200 huongezwa. Hapo imekuwa RNA mjumbe. Hutoka kwenda kwenye ribosomu, mashine za seli za kutengenezea protini, ambako kila herufi tatu huita asidi amino moja (kiungo cha protini), na beta-globini iliyokamilika ina asidi amino 146.

Kasoro hutegemea hatua iliyoharibika. Kwenye selimundu, RNA hutengenezwa vizuri tu, ila herufi tatu GAG zimegeuka GUG na asidi amino ya valini huingia mahali pa asidi glutamiki. Thalasemia ya beta, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ni habari nyingine: mara nyingi protini haina kasoro bali ni haba. Herufi moja tu ikibadilika ndani ya introni ya kwanza, seli inaweza kukata pasipostahili, na nakala nyingi zikawa hazifai.

Kupima RNA kunahitaji uangalifu. Vimeng'enya vinavyoikata vimo kwenye jasho la vidole, na vingine havifi hata vikichemshwa. Ndiyo maana ya glovu na friza ya nyuzi −80. Uwiano wa 260/280 (mwanga unaofyonzwa na sampuli kwenye nanomita 260 ukigawanywa kwa ule wa 280) unaokaribia 2.0 huonyesha kwamba hakuna protini nyingi iliyobaki, lakini hausemi kama RNA imekatikakatika, jambo ambalo wengi husahau. Kwenye qPCR, kipimo ambamo RNA hugeuzwa kuwa DNA kisha hunakiliwa mzunguko kwa mzunguko ili kujua kiasi chake, tofauti ya mzunguko mmoja ni karibu mara mbili ya kiasi. Weka pia mrija usio na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA: mrija huo ukitoa ishara, sampuli ilikuwa na DNA tangu mwanzo. Na ukitumia damu nzima kuchunguza seli nyeupe, ondoa kwanza RNA za globini, maana zitafunika nyingine zote.