Pombe nayo ni dawa ya kulevya

"Kijana wetu hatumii dawa za kulevya, anakunywa tu." Husemwa kwa fahari, na ni kosa. Dawa ya kulevya ni kitu kinachobadili utendaji wa ubongo, yaani fahamu, hisia au tabia, na kinachoweza kumfanya mtu ashindwe kukaa bila hicho. Basi. Pombe imo.

Kisikilize kitenzi chenyewe. Kulewa, kulevya, mlevi, ulevi: ukoo huu wote ulizaliwa kilabuni. Unga, yaani heroini, na kokeini vilikuja baadaye vikaazima neno la pombe, kisha mwenye neno akatolewa nje. "Mihadarati", wanayoipenda Wakenya, ina asili nyingine: ni Kiarabu, mukhaddirat, vitu vya kutia ganzi. Heroini inalistahili jina hilo. Lakini mirungi, yaani miraa? Mirungi huondoa usingizi, ganzi iko wapi? (Afyuni tuliiita kasumba, neno ambalo leo ni la mawazo mabovu yaliyoganda kichwani. Linafaa hapa pia.)

Kinachowachanganya watu ni sheria. Mirungi ni kosa Tanzania, Kenya ni zao la biashara. Ukivuka mpaka wa nchi hizo pale Namanga, majani ni yale yale. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ulibana bangi, koka na afyuni, pombe haukuigusa. Hiyo ni orodha ya vilivyokatazwa, haikupangwa kwa uzito wa madhara. Kwa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 2.6 vya pombe na 600,000 vya dawa nyingine. Wanywaji ni wengi zaidi, kweli, lakini maiti ni maiti.

Kosa hili la neno huua nyumbani. Kila mtu anajua teja akikosa unga hupata arosto, yaani mateso ya mwili kukosa ulichozoea. Mlevi wa kila siku hufungiwa chumbani "pombe imtoke". Arosto ya unga hutesa sana, ila kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua. Ya pombe huua. Ubongo uliozoea kutulizwa huachwa ghafla bila breki: mikono hutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, degedege huweza kuja kabla ya saa 48, na kati ya siku ya 2 na ya 4 mtu huweweseka. Hospitali humpa diazepamu, ikipunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1.

Ukimaanisha unga, sema unga. Ukimaanisha vyote vilivyokatazwa, "dawa zilizopigwa marufuku" linatosha.