PhD ya taaluma mtambuka kwenye maendeleo ya jamii ndo nini hasa?

Hili swali naulizwa sana na vijana wa hapa Iringa waliomaliza masters, kwamba hiyo PhD ya taaluma mtambuka ndo ipi, ni kusoma kozi za idara tatu kwa mpigo au? Ngoja nieleze kwa jambo tunaloliona hapa hapa nyumbani.

Mkoa wetu una chakula. Mahindi, viazi, maharage, nyanya za Ilula, parachichi siku hizi kila kona. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Mpe bwana shamba hilo swali atakwambia mbegu, wa afya atasema minyoo na kuhara, mchumi ataangalia bei, na kila mmoja yuko sahihi kwenye kipande chake.

Sasa nenda asubuhi kijiji cha Kilolo msimu wa palizi. Mama katoka na jembe hata hakujapambazuka vizuri, mtoto wa mwaka na nusu kaachwa na dada yake wa miaka minane, na dada anamnywesha uji mweupe wa sembe kwenye kikombe cha plastiki, mwepesi kama maji, na nyuma yao magunia mawili ya mahindi yameegemezwa ukutani yanasubiri bei ipande. Hapo pana lishe, pana kazi za wanawake, pana soko, na pana swali la nani atashika hela mahindi yakiuzwa. Ukivitenganisha, swali lenyewe linakukimbia.

Kutambuka ni kuvuka. Kwahiyo taaluma mtambuka ni pale mchumi anapovuka mpaka wa fani yake akaanza kuuliza kwa macho ya mtu wa lishe, na mtu wa lishe naye akalazimika kubadili maswali yake kwa sababu ya alichosema mchumi. Kila mtu akiandika sura yake halafu zikabandikwa pamoja, hizo ni taaluma nyingi tu zimekaa jirani.

Na hili si geni kwetu. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe hapa Iringa, serikali na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, ukaanzia vijiji 168, watoto wanapimwa uzito kijijini, wanakijiji wenyewe wanatathmini, wanachambua sababu, wanachukua hatua, wanarudia tena. Ule uchambuzi ulianzia kwa mlo na maradhi ya mtoto, ukashuka kwenye chakula cha kaya na malezi na huduma za afya, ukafika hadi chini kabisa kwenye uchumi na madaraka, na ndo uliozaa mfumo ambao UNICEF walikuja kuutumia dunia nzima kuanzia 1990 kueleza utapiamlo. Mimi hilo linanipa fahari kwelikweli.

Basi chuo kikitaka kubuni PhD ya hivi kianze na tatizo, idara zije baadaye. Mwaka wa kwanza wanafunzi wote wakae semina moja, aliyetoka kilimo na aliyetoka sosholojia, wasome takwimu na wajifunze pia kukaa na kusikiliza watu, maana namba itakwambia wangapi wamedumaa ila haitakwambia kwanini yule dada alipewa sembe na siyo dona. Wasimamizi wawe wawili wa fani tofauti na wakutane na mwanafunzi kwa pamoja, hili nalisisitiza, kwa sababu wakikutana naye mmoja mmoja kila mmoja anamvutia kwake na mtoto wa watu anazunguka miaka sita. Mtahini wa nje naye achaguliwe mapema, mtu anayeikubali njia hii, asije mwishoni akasema hii siyo uchumi. Mrejesho urudi kijijini, kwa Kiswahili, kabla tasinifu haijafungwa, ili wenye maisha yao waseme wapi umekosea.

Kitu cha mwisho cha kuuliza kabla hujajaza fomu ni jina litakaloandikwa kwenye cheti, maana matangazo ya kazi za uhadhiri bado yanataja fani moja moja, na hapo ndo utahitaji masters yako iwe na mizizi kwenye fani moja inayojulikana.