Kamera ya joto haijui kama mtu anataka

Kuna stori inazunguka eti siku hizi kuna kamera ukimulikwa nayo tu inajulikana una hamu na nani, tena hata ukiwa na nguo zako. Sio kweli. Ile kamera inapokea joto linalotoka juu ya ngozi basi, ukivaa suruali inasoma joto la suruali. Weka kiganja ukutani halafu kitoe, kwenye skrini utaona alama ya vidole imebaki inang'aa pale ukutani na mkono wenyewe haupo tena, sasa kitu kama hicho kitajuaje unamuwaza nani.

Kinachopimwa ni damu. Mtu akisisimka damu inajaa sehemu za siri na ngozi ya pale inapanda joto. Mwaka 2007 kina Tuuli Kukkonen wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, Kanada, walitoa utafiti wa wanaume 28 na wanawake 30, mtu anaangalia video, wengine za ngono, wengine vichekesho au za kawaida tu, na kamera inampima bila kumgusa kabisa. Tumezoea kuambiwa mwili wa mwanamke ni mzito, unachelewa mno, kumbe kwa waliowekewa za ngono, wanaume kwa wanawake walianza kupanda joto ndani ya sekunde 30, na kufika juu kabisa wanaume ilichukua kama dakika 11, wanawake kama 12. Dakika moja jamani!

Sasa inayoniuma ni hii, watu kusema "mwili wake uliitikia, kwahiyo alitaka". Hapana. Mtafiti Meredith Chivers na wenzake mwaka 2010 walikusanya tafiti zaidi ya 100 zilizotumia vipimo tofauti, wakalinganisha mwili ulivyoonyesha na mtu mwenyewe alivyosema anajisikia, ambapo 1 ingekuwa vinaendana kabisa, wanaume wakapata 0.66 na wanawake 0.26 tu. Yaani mwili unaweza kuitikia mtu hataki, na mtu anaweza kutaka mwili umekaa kimya. Kuna waliobakwa wanabeba aibu miaka na miaka, hawamwambii hata mama, kwasababu mwili uliitikia wanajiona na wao walishiriki. Hukushiriki dada yangu, na wewe kaka hukushiriki. Damu inaenda yenyewe, kama mate yanavyojaa mdomoni ukimuona mtu anakata ndimu, hata kama wewe huitaki hiyo ndimu.